Kiti cha Pili kwa Mjomba Kinyozi

Jumatatu, 2 Desemba

Likizo! Mama kanileta kwa kaka yake, mjomba wangu kinyozi, eti nikae na watu nijifunze. Nijifunze nini tena, mtu mwenye akili zangu?

Kibandani mna viti viwili: cha mjomba, na cha pili kinachowekewa taulo. Nimekitamani papo hapo. Kunyoa najua, nilishawanyoa wenzangu bwenini, na baadhi yao bado tunasalimiana. Mjomba kakubali: kabla sijarudi nyumbani, mteja mmoja tu akae kwangu kwa hiari yake, kiti kiwe changu kila likizo. La sivyo anapewa binamu, binti yake, ambaye kazi yake ni kukunja taulo na kunyamaza. Nimemwonea huruma mapema.

Jumanne, 3 Desemba

Ajabu! Benchi limejaa hadi mlangoni, na kiti changu hakuna anayekitupia jicho. Wanamsubiri mjomba. Nampenda sana huyu mtu, lakini ananiziba riziki.

Leo kamuuliza mteja mmoja, mwashi, kama mlango wa mama mkwe wake umekubali kufungika. Hadithi ya mwezi uliopita, anaikumbuka! Mwashi kacheka, kaeleza, kaondoka mwepesi.

Nimegundua siri: koti jeupe. Nimeliazima. Mikono yake ilinipita vidole. Mama mmoja kachungulia, akauliza kama siku hizi hapa tunang'oa na meno.

Halafu akaingia Mzee Kofia. Kavua kofia: hana hata unywele mmoja! Mjomba kamfunga shuka, kachukua chanuo na mkasi, akakata hewa. Kwa makini! Huku masikioni, kule kisogoni. Mzee akaomba kushoto kupunguzwe kidogo. Mjomba akapunguza. Nusura nipasuke kwa kicheko. Binamu kanikanyaga mguu. Nilipomuuliza mjomba baadaye, kasema kila mteja ana mtindo wake.

Ijumaa, 6 Desemba

Siri si koti. Ni maneno! Mjomba anaongea na wateja, basi na mimi nitaongea.

Dereva wa lori alikuwa mwisho wa benchi, kajiinamia. Nikamchangamkia. Nikamuuliza, kwa sauti ya kutosha wote wafurahie, kama ni kweli mkewe karudi kwao. Kainuka, kaenda kusubiri nje juani. Binamu kampelekea maji na kigoda, bila neno. Huyu msichana hajui kabisa kuvuta wateja.

Jumanne, 10 Desemba

USHINDI! Kisha sijui nini.

Mzee Kofia kaja mbio, anakwenda kupigwa picha na wanawe na wajukuu. Mjomba alikuwa katikati ya kichwa cha yule dereva wa lori. Mzee kaangalia huku na huku, kaja kukaa KWANGU. Kwa hiari yake!

Nikaamua nimtendee wema ambao hakuna aliyewahi kumtendea: ukweli. Nikamwambia: mzee wangu, hapa hapana kazi, usipoteze muda wako. Nikampangusa kichwa kwa taulo hadi kikang'aa, nikamwambia tayari.

Mzee kavaa kofia taratibu, kanishukuru, katoka. Nikatangaza kwamba nimeshinda.

Mjomba kamwacha dereva na nusu kichwa, kamfuata mzee barabarani. Wakarudi wameshikana mikono. Dereva hakulalamika hata kidogo! Mjomba kamkalisha mzee kiti kile kile, akampa binamu mkasi.

Binamu akakata hewa. Polepole. Akauliza: babu, kushoto nipunguze kama kawaida? Mzee kafumba macho, kasema punguza, ila kisogoni uniachie, marehemu mke wangu alipapenda hapo. Binamu akapaacha. Akamshikia kioo cha nyuma. Mzee kajitazama, katabasamu, kaenda zake kapendeza kweli. Hata mimi nilimwona kapendeza. Macho yaliniwasha, labda ni vumbi la nywele.

Ijumaa, 13 Desemba

Kesho narudi nyumbani. Kiti kapewa binamu. Dhuluma! Nimelalamika kwamba mzee alikaa kwangu. Mjomba kasema kukaa alikaa kwako, kunyolewa alinyolewa na mwenzako.

Kisha akanikalisha kiti chake mwenyewe, akaninyoa kwa kuniaga. Akaniuliza kuhusu rafiki yangu niliyegombana naye shuleni. Nilimgusia siku ile ya kwanza tu, wakati nashusha begi! Nikajikuta namweleza yote, hadi yale niliyoapa kutomwambia mtu. Nimetoka mwepesi. Sielewi anafanyaje.

Lakini nimekaa nikafikiri, na sasa siri nimeishika. Likizo ijayo kiti kinarudi kwangu. Namletea Mzee Kofia dawa ya kuotesha nywele, chupa kubwa, nimkabidhi mbele ya benchi zima. Atafurahi huyo! Sijui kwa nini miaka yote hii hakuna aliyemfikiria mzee wa watu.