Maudhi ya Kinyozi

Redio ya saluni ndiyo iliyoanzisha. Mtangazaji alisema, kwa sauti ya mtu mwenye afya zake, kwamba wagonjwa wengi wa magonjwa ya kudumu huacha dawa kimyakimya, bila kumwambia daktari wala watu wa nyumbani. Kinyozi akanyoosha mkono, akaizima.

"Mbona unazima?" akauliza Waziri. Shavu lake moja lilikuwa limeshanyolewa, jingine bado lina povu. Tunamwita Waziri kwa sababu tangu astaafu ulinzi wa getini hana kazi yoyote, lakini ana msimamo kuhusu kila kitu.

"Betri imekwisha."

"Hiyo redio ni ya umeme," akasema Dobi, ambaye meza yake ya kupigia pasi iko hapo hapo mlangoni. "Waya si huo hapo?"

Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, nimetoka kwenye matembezi niliyoamriwa na kliniki. Miguu ilikuwa inapumzika, masikio hayakuwa na sababu hiyo.

Kinyozi akashusha wembe. "Haya basi. Ni mimi. Naacha vidonge vya presha. Leo leo."

Dobi akaisimamisha pasi. Hakuna aliyecheka, maana alipoacha mara ya kwanza alianguka hapo hapo sakafuni, mdomo ukaenda upande, na aliyemshika kichwa mpaka gari lilipokuja ni mimi.

"Unaacha kwa nini, mwanangu?"

"Vinanikojoza, Bibi. Samahani kwa lugha."

"Nimelea watoto. Lugha hiyo naijua."

"Nikimaliza shavu moja, nimebanwa. Nikigusa kidevu, nimebanwa. Choo cha uani kule, wapangaji wananisalimia kama mpangaji mwenzao. Nikirudi mteja povu limeshamkaukia. Juzi bwana harusi kachoka kunisubiri, kaondoka na sharubu upande mmoja."

"Na picha kapiga?" akauliza Dobi.

"Kapiga ubavu."

"Mimi ningekuwa serikali," akasema Waziri, "vinyozi wote wangenyolea chooni."

"Mzee wangu, geuza shavu."

Dobi akatikisa kichwa. "Yaani mkojo tu ndio unakuliza? Vyangu mimi vinanivimbisha miguu. Asubuhi navaa viatu vyangu, jioni narudi nyumbani na vya marehemu baba. Na yule mzee alikuwa na mguu, si mchezo."

"Mimi vya sukari vinaningurumisha tumbo," nikasema. "Juzi msibani, watu wamenyamaza kumkumbuka marehemu, tumbo langu likaanza hotuba. Msemaji wa familia akasimama akalisubiri limalize."

"Mimi sina ugonjwa wowote," akasema Waziri.

"Hujapima," akasema Dobi.

"Ndiyo maana sina."

Nikamrudia Kinyozi. "Hayo ya mkojo, kliniki umewaambia?"

"Bibi, waliniuliza wenyewe. Nesi kaniangalia usoni, kasema, 'Baba, tangu uanze dawa, una maudhi yoyote?' Nikamwambia ninayo, Sista. Tena makubwa. Hasa usiku, silali."

"Safi. Akasemaje?"

"Akasema hayo ni ya siku za mwanzo tu, nitayazoea. Nikashangaa, amejuaje kama ni mgeni?"

"Nani mgeni?"

"Si shemeji! Kaka yake mke wangu. Alihamia kwangu wiki ile ile niliyoanza vidonge. Anakalia kiti changu, anaoga maji yangu ya moto, usiku anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Sasa mtu akikuuliza tangu uanze dawa una maudhi gani, utamtaja nani mwingine?"

Dobi aliangalia pasi yake. Mimi nikaangalia barabara.

"Ulimtaja shemeji kwa nesi?" nikauliza polepole.

"Hata. Foleni yote ilikuwa inasikiliza, ningemvunjia mke wangu heshima. Nilisema maudhi tu, na nikaona nesi kaelewa. Alinipa na ushauri. Akasema, 'Yakizidi usiyavumilie, lakini usije ukaacha ghafla. Njoo tukubadilishie.' Nikamuuliza, mke wangu atakubali kweli? Akasema nije naye."

"Na wewe?"

"Sikuacha. Mke wangu ninaye mpaka leo."

Waziri alikuwa ametoa macho juu ya povu.

"Na mkojo?" nikasema.

"Mkojo hakuuliza, Bibi. Aliuliza maudhi."

"Mwanangu, nisikilize. Maudhi ya kliniki ni yale ambayo dawa inakutendea na wewe hukuyaomba. Miguu ya Dobi ni maudhi. Tumbo langu ni maudhi. Mkojo wako ndio maudhi yenyewe."

Alisimama na wembe mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. "Kwa hiyo alichotaka kubadilisha..."

"Vidonge."

"Siyo shemeji."

"Shemeji hana mbadala. Huyo ni wenu."

"Mimi ningekuwa serikali..."

"Mzee, tulia, wembe uko shingoni mwako," akasema Dobi.

"Nenda sasa hivi," nikamwambia Kinyozi. "Useme mkojo, kwa jina lake."

"Mbele ya watu, Bibi?"

"Hao watu wa foleni unadhani wamefuata nini pale, maua? Kila mmoja ana lake linalovuja au lililoziba. Nenda. Kichwa chako ni kizito, sitaki kukishika tena."

Hilo ndilo lililomwondoa. Akavua aproni, akatoka.

"Na hili shavu?" Waziri akamwita. Mwenzake alikuwa ameshakata kona.

Alirudi alasiri. Waziri alikuwa bado kitini, maana alikataa kabisa kuvuka barabara katika hali ile. Kinyozi aliingia anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Nimesema mkojo! Nimesema kwa nguvu mpaka mlinzi kanionyesha choo. Wamenibadilishia. Hivi vipya havikojozi hata kidogo."

"Nilijua tu," akasema Waziri, akalaza shingo nyuma. "Malizia kazi."

Kinyozi akapaka povu jipya, akafungua wembe. "Ila navyo vina maudhi yake. Safari hii nimeuliza vizuri."

"Yapi?"

"Kikohozi kikavu. Siyo kila mtu kinampata. Ila kikikupata, kinakuja ghafla tu."

Waziri akafungua jicho moja. Akauangalia wembe, akamwangalia mwenye wembe. "Umeshameza?"

"Nimemezea kule kule."

Waziri akajifungua kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti. "Nimeamua kufuga ndevu."

"Upande mmoja?" akauliza Dobi.

"Ndiyo mwanzo wa sera," akasema, akavuka barabara na povu lake.

Kiti kikabaki kitupu. Kinyozi akatoa vile vidonge mfukoni, akavitazama, kisha akatazama kile kidroo chake cha kutupia vitu asivyotaka kuviona. Mtazamo ule naujua. Nikainuka, nikajivuta mpaka kitini, nikakaa.

"Nyoa."

"Bibi, wewe una ndevu gani?"

"Nina kichwa. Mvi hizi zimenichosha kusuka."

"Na nikikohoa?"

"Ukisikia kinakuja, inua mkono kwanza, ndipo ukohoe. Ukishamaliza, urudi. Wateja utawaambia hivyo hivyo."

Alinifunga kitambaa. Vidonge akaviweka mbele ya kioo, mahali pa wazi. Dobi aliacha shati la mtu mezani akaja kusimama mlangoni, anashuhudia. Wembe ukapanda vizuri upande wa kulia, ukapita nyuma ya sikio, ukafika utosini. Hapo akasimama ghafla, akanyoosha mkono juu kabisa, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Tukasubiri.

"Vipi?" akanong'ona Dobi.

"Nilidhani kinakuja," akasema Kinyozi, mkono ukiwa bado juu.

"Haya, ushushe, mwanangu," nikasema. "Upande huu una baridi."