Utepe wa Seva ya Majina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, Mkurugenzi wenu. Wenyeviti wa Kamati, wa Kamati Ndogo na wa Kamati ya Kuiangalia Kamati Ndogo. Madaktari Waandamizi na wanaonyemelea uandamizi. Wauguzi, wagonjwa mliokaa na mliolala ila masikio yako macho: hospitali hoyee! (Hoyee moja, ya dereva wa Mheshimiwa.)

Leo tunazindua seva ya majina. Kama hamjui ni mdudu gani siwalaumu, hata mimi nilielezwa jana. Kila kompyuta hapa ina jina na namba. Ukiandika "maabara", seva inakutafutia namba ya maabara, majibu ya damu yanafunguka. Bila seva utaandika mpaka vidole viote sugu, kompyuta imekutolea macho tu. (Muuguzi wa wodi ya watoto: "Ndiyo hali yetu tangu ile ya zamani ife, Mheshimiwa! Nina mtoto anachemka kama jiko, majibu hayafunguki!") Dada yangu, subira huvuta heri, na hotuba hii imebakiza kurasa chache. (Miguno.)

Katika mchakato shirikishi wa kubaini programu stahiki, ulioniwajibisha kulala hoteli mbalimbali kwa niaba yenu, fundi wetu wa kompyuta alileta programu ya bure, eti dunia nzima inaitumia, eti inaingia kwenye mashine tuliyonayo. Nikamtupia swali la kitaalamu: "Bwana fundi, programu haina mlango wala paa, utepe nitaukata wapi?" Akanywea kama kuku wa mvua. (Vicheko. Fundi hacheki.) Tena cha bure! Majirani watatuonaje?

Kuhusu nyenzo za kujifunzia, elimu haina mwisho, ndiyo maana sisi hatukuianza. Vitabu vya seva vipo, nimevifungia kwenye kabati la kioo visije vikachakaa kwa kusomwa. Mafunzo ya mtandaoni tumeyaahirisha, kwani ili mtandao ufunguke inahitajika kwanza seva ya majina. (Muuguzi: "Kata basi huo utepe, baba, tuwashe!") Nakata, mama! Utekelezaji umefikia asilimia mia na kumi. Hiyo kumi ni juhudi zangu binafsi.

(Mkasi unaletwa kwenye sinia. Utepe unaanguka, shuka linavutwa: sanduku jeusi tii, taa za kijani safu kwa safu. Makofi. Muuguzi anapenya mbele, waya wa kompyuta ya wodi mkononi.)

Seva hoyee! Majina juu! Mkakati kwanza, majibu baadaye!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru seremala wa majeneza, aliyeichonga seva hii kwa mbao ngumu bila kupumzika, na mchora mabango aliyeipaka taa zinazokaribia kabisa kuwaka. Na wewe dada muuguzi, weka huo waya chini, hakuna pa kuuchomeka, na rangi haijakauka. Maabara iko jengo la mwisho kushoto. Vua viatu ukimbie, hawajafunga.