Tabibu wa Feruzi

Ukelele ulitoka hamamuni kabla ya mwenyewe kutoka.

"Imegeuka! Mashoga zangu, imegeuka!"

Shahpur, aliyekuwa amesimama kwenye mkokoteni wa dengu za siki upande wa pili wa uchochoro, aliacha kutafuna. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na koti la kuazima. Ulimi tu ndio uliokuwa wake mwenyewe, na ndio uliomlisha njia nzima kutoka Herat hadi Kabul. Balaa la mtu halikuwahi kupita mbele yake akalipuuza.

Mlangoni akatokeza Bibi Mahgul, mke wa Haji Ghausuddin muuza zabibu, uso mwekundu kwa mvuke, kidole amekinyoosha mbele kana kwamba kimeumwa na nge. Kwenye kidole hicho kulikuwa na pete ya feruzi. Zamani ilikuwa buluu kama anga ya Nowruzi, siku ya mwaka mpya. Sasa ilikuwa kijani, rangi ya maji ya bwawa.

"Feruzi ikigeuka rangi, dada," alisema mwenzake aliyembebea furushi la nguo, "ujue kuna mtu wa ndani anakudanganya."

"Au kifo kinapiga hodi," akaongeza mwingine kwa upendo.

Shahpur alijua fika kilichoipata pete ile. Iogeshe feruzi kwa mafuta ya nywele, sabuni na hina kila Alhamisi, nayo itageuka tu, hata kama nyumba nzima ni malaika watupu. Lakini kusema hivyo kungemfaa nani? Alifuta siki mdomoni, akavuka uchochoro, akainamisha kichwa kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi.

"Dada yangu, uniwie radhi mimi mgeni. Pete hiyo usiivue kwa mkono wenye hina."

Bibi Mahgul akaganda. "Kwa nini?"

"Nitasema mbele ya mume wako. Mimi ni tabibu wa mawe."

Cheo hicho alikuwa amejitunuku pale pale uchochoroni, bila sherehe.

Haji Ghausuddin alikuwa na tumbo la mtu anayeonja bidhaa zake na jicho la mtu asiyeonjesha wengine. Alimkaribisha mgeni kwa chai ya iliki na zabibu chache, akazitazama zikiliwa moja moja. Kisha likaletwa sanduku. Ndani yake kulikuwa na mkufu wa lajiwardi, lile jiwe la buluu lenye chembe za dhahabu, bangili za fedha zilizopachikwa akiki nyekundu, na hereni za feruzi zenye vikengele. Shahpur alishusha pumzi taratibu, asije akapiga mluzi.

"Haya mambo si ya mchezo, Haji sahibu," alianza. "Feruzi ni mlinzi, humeza jicho baya kabla halijakufikia. Akiki hupoza hasira na kufunga mdomo wa adui. Lajiwardi ya Badakhshani huondoa huzuni, na," hapa akamwangalia mwenye nyumba, "hupandisha mauzo."

"Mauzo ya nini?"

"Hasa zabibu."

Haji akamsogezea sahani.

"Lakini feruzi moja ikiugua kwa uongo wa ndani ya nyumba, huambukiza mawe mengine. Leo pete, kesho hereni, mwisho sanduku zima litakuwa kijani kama mchicha."

Haji alibadilika rangi haraka kuliko pete ya mkewe. "Lisiwe kijani! Wiki hii hasa lisiwe kijani! Tiba yake nini?"

"Nipeni sanduku nikalilaze kwenye kaburi la walii."

"Sanduku halitoki. Hata nikifa mimi, mwili wangu ndio utakaotangulia kutoka."

Shahpur alitabasamu kama mtu aliyetarajia jibu hilo, ingawa moyoni alimtukana. "Basi nitalitibu papa hapa. Kesho asubuhi." Macho yake yakapima kila bangili na kila pingili ya mkufu. Mchana ule ule alimwendea mfua bati mmoja asiye na desturi ya kuuliza maswali, na kwa bati, rangi na vipande vya kioo cha Herat vikazaliwa vito vya pili kama vile vya sandukuni, vizuri vya kukutoa machozi ukiwa mbali kidogo.

Asubuhi alirudi, koti limenenepa kidogo kiunoni. Akatandika kitambaa cheupe, akaweka juu yake sanduku na pete ya Bibi Mahgul, akafukiza isfandi, mbegu za kufukuzia jicho baya, hadi sebule ikajaa moshi.

"Wote geukeni ukutani, fumbeni macho. Kila mtu aseme uongo wake kwa sauti. Atakayegeuka kabla sijaruhusu, ugonjwa wa jiwe utamwingia jichoni."

Waligeuka watatu: Haji, Bibi Mahgul na binti yao Roshana, aliyekuwa karibu kuolewa na mwalimu wa Kandahar. Wa nne, Bibi Gulandam, mamake Haji, alibaki dirishani akivunja lozi.

"Na bibi je?" aliuliza Shahpur.

"Achana naye," alisema Haji. "Kiziwi tangu marehemu baba atutoke. Mpigie mzinga sikioni, atakuuliza kama chai imeiva."

Shahpur akamhesabu pamoja na mito ya kuegemea, akaanza kazi.

"Mimi," alisema Bibi Mahgul, "pilau ninayokupikia wageni wakija, ile unayoisifia... hununuliwa mkahawani, mlango wa nyuma."

"Pilau yangu?" Haji aliugulia ukutani.

"Usigeuke!" Bangili mbili zilikwishaingia kiunoni. "Endeleeni. Binti?"

"Baba, zile bei za zabibu ninazokusomea gazetini huwa nazitunga."

"Zote?"

"Ukiamka na hasira nazipandisha."

Shahpur alibanwa na kicheko kibaya hata hereni ikamponyoka, ikalia kling! sakafuni.

"Nini hicho?" Haji alishtuka.

"Jiwe limeitika! Bado wewe, Haji sahibu, upesi, kabla halijalala!"

Haji alikohoa, akakohoa tena. "Nilimwambia Roshana kwamba vito hivi vya bibi yake ni vyake siku ya harusi. Si kweli. Nimeshapatana na mnunuzi mgeni pale hotelini. Anakuja kesho kutwa, ndiyo maana sitaki vigeuke."

Roshana aliupiga ukuta kwa kiganja.

"Baba!"

"Ghausuddin! Vito vya mama yako? Mbele ya wakwe nimvike mtoto nini, zabibu?"

"Nimeungama, yameisha! Uongo umetoka, jiwe limepona. Kuuza, nitauza!"

"Fumbueni!" Shahpur alipaza sauti, maana mambo yalikuwa yanaelekea kwenye kurushiana viatu. Waligeuka. Kwenye kitambaa cheupe sanduku zima lilimetameta, na pete ya Bibi Mahgul ilikuwa buluu, buluu kabisa, buluu kupita hata siku iliyonunuliwa.

"Imepona," alinong'ona Haji, akamtia Shahpur noti mkononi bila hata kusumbuliwa. Kisha akarudi kwenye ugomvi wake, na tabibu akajitoa kinyumenyume.

Uani hakukuwa na mtu ila Bibi Gulandam, ambaye sijui alipita wapi, akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba kando ya mlango wa nje, mguu mmoja ameuegemeza kwenye komeo. Shahpur aliinama kumbusu mkono kama ilivyo adabu. Mkono ule ukamkamata ndevu.

"Fungua mshipi," alisema bibi.

"Bibi... unasikia?"

"Sema polepole, mwanangu. Mimi ni kiziwi."

Shahpur alitazama ukuta. Ulikuwa mrefu.

"Miaka yote hii?" aliuliza, na hakika hakuwa akivuta muda tu, ilikuwa heshima ya fundi kwa fundi.

"Baada ya maziko walianza kugombana kila mmoja akiniita shahidi. Nikaona bora nisisikie. Usinipotezee muda. Kila kitu hapa, kwenye sketi yangu."

Shahpur akaufungua mshipi. Mkufu, bangili, hereni, pete. Bibi alivipokea kimoja kimoja, na alipofika kwenye akiki vidole vyake vikatua.

"Jana ulisema hii hufunga mdomo wa adui. Mjinga wewe. Hii niliibana kiganjani nilipokuwa namzaa huyo anayepiga kelele ndani, nisimwage damu nyingi. Hereni za feruzi mama yangu alinivika mwenyewe, jicho lisiniguse njiani. Na lajiwardi niliitazama mwezi mzima nilipofiwa, kwa sababu sikuweza kuitazama mbingu yenyewe. Mauzo ya zabibu! Huna haya."

Shahpur alifunga mshipi, sasa mtupu. "Bibi, yale ya bati..."

"Yatabaki sandukuni. Mwanangu anataka kuuza, nilimsikia siku nyingi, na auze. Haya yatakwenda Kandahar ndani ya godoro la Roshana. Usiku kucha nilikuwa nawaza nipate wapi ya kuweka badala yake, na wewe ukaniletea hadi mlangoni. Mungu akupe umri."

"Lakini mnunuzi akigundua, watasema ni mimi niliyeiba!"

"Watasema nani mwingine? Hizo noti za Haji kaa nazo. Ni za nauli."

Mlango wa sebule ukafunguka kwa kishindo. Bibi akaangusha shali juu ya sketi yake, na Haji akachungulia. "Mama! Unaongea na nani huko?"

"Ehe?" Bibi Gulandam aliinua uso laini, mtupu kama wa mtoto. "Mkate? Bado sijala, mwanangu."

Mguu wake ukatoka kwenye komeo. Shahpur akaubusu tena mkono ule, safari hii kwa moyo wote, akatoka mbio.

Habari zilimfikia Shahpur mjini Mazar, zikiletwa na dereva wa lori la matikiti. Mnunuzi alikuwa amerudi na sanduku, akalimwaga katikati ya soko la zabibu. Haji alikuwa ameapa kumvunja miguu tabibu wa mawe, na askari wa Kabul walikuwa wakimtafuta mwizi wa vito vya thamani isiyosemeka. Roshana aliolewa Kandahar, na waliohudhuria walisema hawajaona bibi harusi aliyemetameta namna ile. Baba yake alidhani ni furaha.

"Huyo mwizi atakuwa tajiri sasa hivi," alisema dereva, akipasua tikiti. "Sijui anakula nini."

Shahpur alipokea kipande alichopewa bure, akakiangalia kwa muda, akaanza kucheka, akacheka hadi maji ya tikiti yakamshuka ndevuni, na dereva wa watu akasogea pembeni kidogo.