Amesema Nipeleke Uso

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwao. Kisa? Sikwenda kumzika shangazi yake. Nilituma rambirambi kwa simu, tena ndefu, na picha ya maua! Leo kaniambia nisipopeleka uso wangu kwa mama yake kuomba radhi kabla ya Jumapili kwisha, harudi tena. Mama mkwe yule akikutazama tu, unakiri hata usiyoyatenda.

Jumanne, 4 Machi
Uso, amesema. Hakutaja miguu! Kazini ghalani tuna roboti wa kukodishwa kwa mabosi wasiopenda safari. Ngozi ya mpira. Wewe unakaa nyumbani umevaa kofia yenye kamera, unaona na kusikia ya kule. Yeye kule anavaa sura yako, anasema usemayo, anafanya ufanyayo. Nimemchukua mmoja, eti wa majaribio. Fundi kanionya kuwa midomo yake huchelewa nyuma ya maneno. Nikamwambia hata mimi huchelewa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Nilimvalisha suti yangu, nikampakia kwenye teksi. Dereva kaendesha akisali njia nzima, na kumrudisha kakataa katakata. Mama mkwe alipofungua mlango alipiga yowe, watoto wakaingia uvunguni. Nikaomba radhi kwa unyenyekevu wote. Mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu na asiyekosa msiba hata wa paka, akachekea ndani ya kikombe. Mama mkwe akatangaza kuwa siku zote alijua mimi ni mkavu wa macho, ila leo kathibitisha: sipepesi hata kidogo!

Alhamisi, 6 Machi
Roboti kalala kwao, na leo mke wangu kakaa naye faragha. Yaani nami. Akalia. Akasema kilichomuuma ni kuulizwa na kila mtu pale msibani, mumeo yuko wapi. Nikaguswa, kweli. Nikamshika mkono. Ndipo jirani yangu akapiga hodi huku kwangu kuomba chumvi! Nikaitikia karibu, nikainuka kumfungulia. Na roboti akainuka! Kamwachia mkono katikati ya kilio, kafungua kabati la vyombo, kalikaribisha ndani kwa heshima zote, kaliuliza habari za watoto. Sasa hapo kosa langu lipi?

Ijumaa, 7 Machi
Roboti kafungiwa stoo. Mama mkwe kasema nikamchukue mwenyewe, kwa miguu yangu, na mke wangu nimchukue hapo hapo. Ikipita Jumapili, basi tena. Mwanyumba kajitolea kunisindikiza, eti anishike mkono. Thubutu!

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba imepoa. Namkumbuka mke wangu mno. Nimetafakari mchana kutwa, na kosa langu nimeliona: nilimchukua roboti mbovu. Lakini mapenzi ya kweli hayataki uvivu. Kesho alfajiri namtuma mwingine, mpya kabisa, anayepepesa.