Kitambaa cha Asali ya Alfajiri

Pazia halina mdomo, na hiyo ndiyo sababu Bi Hariri alilipenda mara tu alipolitia machoni. Lilikuwa limelala na wenzake kwenye lundo nyuma ya hoteli, karibu na mapipa, likisubiri gari la taka. Hoteli ilikuwa inajipamba kwa ajili ya sikukuu. Mapazia ya ukumbini yalikuwa yameshaanza kushushwa na mapya kutundikwa, na mtunza stoo alikuwa amesimama mbele ya lundo, mikono kiunoni, kama mtu aliyeachiwa watoto wasio wake.

Bi Hariri alikuwa anapita tu. Watu wa aina yake siku zote huwa wanapita tu. Jina hilo alipewa na mji kwa sababu ya ulimi wake: laini, wa kuteleza, na ukishakuzunguka shingoni hujui umekazwa saa ngapi. Kwa ulimi huo alikuwa ameshauza dawa ya kurefusha kope, viatu vya mguu wa kushoto mtupu, na kadi za harusi ambayo bwana na bibi harusi hawajawahi kuonana hadi leo.

Akashika upindo wa pazia, akaupeleka juani. Kitambaa kizito, kinaanguka vizuri, na kikigeuzwa kina kamng'ao kake. Tatizo lilikuwa rangi. Haikuwa kahawia, haikuwa kijani, haikuwa manjano. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni mpaka ikaota utando.

"Kaka, haya yanakwenda wapi?"

"Jalalani, dada. Hata waosha magari wameyakataa."

"Masikini! Basi nipe mimi. Nina kuku nyumbani, wanateseka na baridi."

"Kuku wa kufunikwa mapazia ya hoteli?"

"Kaka yangu, kuku wangu wamelelewa vizuri."

Mtunza stoo akacheka mpaka akamsaidia kupakia. Alasiri ile ile Bi Hariri alikata pete na vitanzi, akatupa sehemu zilizochujuka kwa jua, akafua, akapiga pasi, akagawa kata za kutosha gauni moja moja, akazikunja na kuzitia kwenye nailoni inayong'aa. Juu ya kila moja akafunga utepe wa dhahabu. Pazia likawa halijijui.

Sasa, kitu kibaya hakiuzwi sokoni. Sokoni watu wana macho. Kitu kibaya huuzwa saluni, ambako watu wana vioo.

Saluni aliyoichagua ilikuwa ya Mama Mikono, msusi ambaye angeweza kusuka kichwa hiki, kukaripia kichwa kile na kusengenya kichwa cha tatu bila kupoteza hesabu ya mistari. Siku hiyo palikuwa pamejaa. Sikukuu ilikuwa mlangoni, na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa nzito kuliko hoja zote za dunia: mwaka huu wanawake wavae nini?

"Mwaka jana ilikuwa mikono ya puto," alisema mmoja. "Nilishindwa kupita mlangoni kwa shemeji yangu. Nilikula nikiwa barazani."

"Mwaka huu ni mkia wa samaki," alisema mwingine.

"Mkia wa samaki na nyonga hizi? Nitatembeaje, nirushwe?"

Chini ya kikausha nywele aliketi mke wa mkandarasi, mwanamke mkarimu, mcheshi, mwenye ugonjwa mmoja tu: kuvaa kitu ambacho mwenzake ameshakivaa kulimuuma kama jino. Bi Hariri alimwona kabla hata hajakaa. Akaweka mfuko wake sakafuni, akausukuma chini ya kiti kwa mguu, akahakikisha kona ya nailoni imechungulia. Halafu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyebeba siri ya taifa.

"Mfuko huo una nini, shoga?" aliuliza mke wa mkandarasi.

"Hauna kitu."

"Mbona unauficha?"

"Dada yangu, niache. Nimeapa."

Mama Mikono akasimamisha chanuo hewani. Kikausha nywele kikazimwa.

"Umeapa kwa nani?" akauliza msusi.

"Kwa aliyeniletea kutoka ng'ambo. Wenyewe huko wanaiita asali ya alfajiri. Ndiyo rangi ya sikukuu mwaka huu. Lakini si ya kila mtu, jamani. Inataka mwanamke aliyetulia. Mwanamke mwenye papara ikimkaa, anaonekana kama amevaa…" akatafuta neno, na shetani wake akamcheka, "…kama amevaa pazia."

Mke wa mkandarasi aliinuka, vibanio vyote kichwani.

"Mimi sijatulia?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Nipe nione!"

Wa kwanza kuitazama ile rangi walikunja pua. Lakini nani angekuwa wa kwanza kusema yeye hajatulia? "Inaanza kunikaa machoni," akasema mmoja. "Ina heshima yake," akasema wa pili. Bi Hariri alikataa kuuza. Akabembelezwa, akakataa. Akalalamika kwamba wanamtia dhambini. Mwisho akamuuzia mke wa mkandarasi kata moja, kwa masharti kwamba asimwambie mtu, na kabla wiki haijageuka alikuwa amewauzia wote waliokatazwa kuambiwa. Hata Mama Mikono mwenyewe alinunua ya kwake na ya wifi yake.

Vitambaa vikamiminika kwa fundi cherehani wa mtaa ule mpaka akawa anakula chakula chake amesimama, maana kiti kilikuwa na kazi za watu. Akawaambia wateja wasubiri. Kata zikalala rafu nzima hazijaguswa mkasi, isipokuwa moja, ya mke wa mkandarasi, ambaye alimkalia fundi kichwani mpaka gauni likatoka.

Hapo ndipo Bi Hariri angepaswa kupanda basi. Mwizi hodari si yule anayejua kuiba, ni yule anayejua kushiba. Begi lake lilikuwa limefungwa, tiketi imeshakatwa. Lakini asubuhi hiyo mke wa mkandarasi alimdaka barabarani, akamkumbatia mpaka akakosa pumzi.

"Shoga, lile gauni! Jana mchana tulikuwa na hafla ya kampuni ya mume wangu kule hotelini. Nimesimama tu karibu na dirisha, ukumbi mzima ukageuka. Mhudumu alishindwa kujizuia, akalishika kabisa!"

"Nilikwambia mimi," alisema Bi Hariri, naye mwenyewe akishangaa.

"Sasa sikiliza. Kikundi chetu cha kina mama tunataka sare ya sikukuu. Wote! Tunataka asali ya alfajiri, na tutalipa mara mbili ya bei ile. Lakini tunaitaka leo. Ukikosa, tunachukua kitu kingine."

Mara mbili! Bi Hariri alihisi tiketi ikipoteza uzito mfukoni. Akakimbia hotelini. Mtunza stoo alikuwa ameshakwenda likizo, na mlinzi wa getini hakujua habari za mapazia wala za kuku. Akazunguka maduka ya vitambaa, wauzaji wakamtazama kama mgonjwa kila alipotaja rangi. Jua lilipoanza kuinama akaingia saluni kwa Mama Mikono, walau akapumzishe miguu.

Kwenye kona, akioshwa nywele, alikuwepo bibi mmoja mdogo wa umbo, mpole, ambaye Bi Hariri hakuwahi kumwona. Pembeni yake furushi kubwa. Na furushi hilo lilikuwa limepasuka kidogo, na pale lilipopasuka palitokeza rangi ya chai iliyoota utando.

Bi Hariri akasogea karibu. Kumbe hotelini palikuwa na lundo la pili!

"Shikamoo, bibi. Furushi hilo unauza?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mzigo tu. Nilipewa. Nilitaka kuufanya matambara ya kupigia deki."

"Basi nikupunguzie mzigo, bibi. Nitakupa ya soda na nauli."

"Mungu akubariki," alisema bibi. Kisha akakuna sikio lenye povu. "Lakini kuna mtu hapa ameniambia hii ndiyo asali ya alfajiri. Eti ng'ambo wanaigombania. Ni kweli, au wananitania mzee?"

Bi Hariri alifungua kinywa. Saluni nzima ilikuwa inamtazama kupitia vioo: wateja wake, mmoja baada ya mwingine. Angesema ni takataka, angejichongea mwenyewe. Angesema ni pazia, wangemnyoa bila maji, na vifaa vya kunyolea vilikuwa mezani.

"Ni… ni kweli, bibi," akasema.

"Na wewe unaiuzaje?"

Mama Mikono akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kujali. Akataja bei ile ile waliyolipa.

"Ah," alisema bibi. "Basi na mimi nitakufanyia hiyo hiyo, mwanangu, na kidogo juu kwa sababu ya mgongo wangu."

"Bibi, hiyo si nyingi mno? Tazama rangi yake…"

"Rangi yake ina nini?" aliuliza mteja mmoja kwa ukali.

"Haina kitu! Ni nzuri! Ni nzuri sana!"

Alipiga hesabu ya mara mbili kichwani, akajipa moyo. Akatoa kila alichokuwa nacho, mpaka pesa za kwenye soksi. Ilipopungua akavua hereni zake za dhahabu, zile hasa, si zile anazouza. Bibi akazipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Bi Hariri alilitwika furushi, akaenda nalo hadi kwa mke wa mkandarasi, akipanda ngazi kwa wimbo. Mlango ukafunguliwa. Sebuleni palikuwa pamepambwa kwa wanawake: gauni la rangi ya damu ya mzee, gauni la chungwa, samawati yenye shanga begani, na wifi wa Mama Mikono ndani ya mkia wa samaki, akiruka kidogo kidogo kufikia keki. Fundi cherehani alikuwa ameketi, kwa mara ya kwanza mwezi ule. Na karibu na dirisha, yule bibi mpole wa saluni, kumbe mama mkwe wa Mama Mikono, hereni zikimmeremeta masikioni.

"Sare zenu," alisema Bi Hariri. Sauti ilitoka nyembamba.

"Ooh, asali ya alfajiri," alisema mke wa mkandarasi. "Pole, shoga. Hujasikia? Ng'ambo wameshaiacha."

Kicheko kikalipuka, lakini mwenye nyumba akainua mkono, maana hadithi ilikuwa yake.

"Nilikwambia mhudumu alilishika gauni langu, sikukwambia kwa nini. Dirisha moja lilikuwa halijabadilishwa pazia. Nimesimama pale, jua linamchoma mgeni rasmi, mhudumu anakuja mbio, ananikamata upindo, anavuta ili afunge dirisha! Mimi huyo, mpaka ukutani! Nikasema, ewe kijana, mimi ni mtu! Akasema, samahani mama, sikukuona!"

Mama Mikono alikuwa anajifuta machozi kwa leso. "Tungekupeleka polisi, lakini nani angesimama mahakamani kusema alinunua pazia? Tukazikusanya kata zetu kwa fundi, tukaona tukuuzie tu kwa bei yako. Kila mtu amerudishiwa chake."

"Na keki imetoka kwenye ule mgongo wangu," alisema bibi. "Karibu kipande, mwanangu."

Bi Hariri alikula kile kipande. Ndiyo, alikula, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na kwa sababu kilikuwa kitamu, na kwa sababu, asikwambie mtu, kazi nzuri huwa inatambuliwa na fundi mwenzake. Akashukuru, akatwika furushi lake, akashuka ngazi.

Barabarani wanawake walikuwa wanapita na mifuko ya nguo mpya, redio za maduka zikishindana. Bwana mmoja mwenye mita ya kupimia mkononi akamsimamisha. Alikuwa amehamia nyumba mpya, madirisha yake matupu, na wageni wanakuja.

"Dada, furushi hilo ni kitambaa gani?"

Bi Hariri akavuta pumzi. Ulimi ulianza kutafuta hariri, asali, ng'ambo. Haukupata kitu, ulikuwa umechoka.

"Kaka," akasema, "haya ni mapazia."

Bwana akachungulia pale furushi lilipopasuka, akaona nailoni inayong'aa na utepe wa dhahabu, akamtazama usoni kwa huruma.

"Dada, mimi si mgeni wa mji huu," akasema. "Tafuta mwingine wa kumtapeli."