Vita vya Kikombe cha Saa Nne

Sogeeni, mlio karibu na mlio mbali. Mwenye sindano aishike, mwenye jembe aliegemeze ukutani, lakini masikio yaacheni wazi, maana habari inayokuja ni nzito na haitarudiwa. Zimekwisha kusimuliwa habari za majemadari waliovuka mito kwa farasi, na za wafalme waliozingira miji miaka saba wakila ngozi za viatu vyao. Ni habari nzuri, hatuzikatai. Lakini katika majemadari hao wote hakuna hata mmoja aliyepata kukaa mbele ya kikombe cha chai ya moto, yenye sukari ya kutosha, saa nne ya asubuhi, ana kiu na ana hamu, watu kumi na watatu wanamkodolea macho, naye asikiguse. Jambo hilo lilifanywa na mwanamke mmoja, fundi nguo, katika karakana ya sare za shule, siku ya Jumanne.

Ewe ulimi, usiteleze. Ewe kumbukumbu, tia chumvi, lakini usizidishe kijiko kimoja.

Mwanamke huyo walimwita Mama Mkasi, Mwenye Jicho Lisilohitaji Rula. Kwa miaka kumi na tisa alisimama penye meza ndefu ya kukatia, kichwani mwa karakana, kama nahodha kwenye usukani, na mkasi wake mweusi uliozungushiwa kitambaa mpinini ulipita katikati ya tabaka nane za kaki bila kuuliza njia. Hakuna aliyeugusa. Hata mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, alipotaka kukata uzi alikuwa anatumia meno.

Basi ikawa mwaka ule damu ya Mama Mkasi ikapungua. Masikio yakawa yanavuma, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima, na siku moja meza ikayumba mbele yake kama iko majini, akakata kaptura thelathini ambazo mguu wa kulia ni wa mtoto wa darasa la kwanza na wa kushoto ni wa kaka yake. Tajiri alizitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapofukuza paka.

“Mama,” akanena, “sikufukuzi, na asije mtu akasema nimekufukuza. Lakini huo mkasi una makali na wewe unapepesuka. Kakae kwenye vifungo kwanza. Siku muuguzi akiniandikia kwenye karatasi kwamba damu yako imefika kumi na moja, meza hii ni yako, na mimi mwenyewe nitaifuta vumbi.”

Hivyo ndivyo alivyoshushwa yule shujaa, kutoka kilele cha meza ndefu hadi benchi la vifungo pembeni ya mlango wa choo. Na mkasi akapewa Bwana Pasi, Bwana wa Mvuke, kijana wa miaka hamsini aliyekuwa hodari sana wa kunyoosha nguo na aliyekata kitambaa kama anayefukuza nzi.

Kwenye benchi lile alikuwepo wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mkarimu, mwenye maneno mengi kuliko vifungo. Na chini ya benchi, ndani ya mfuko wa turubai, wifi aliweka ghala lake la silaha: makopo ya virutubisho ambayo aliyauza kwa wafanyakazi na majirani. Kulikuwa na kopo la nywele, kopo la kucha, kopo la mifupa, kopo la ubongo, na chupa ya mafuta ya samaki ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

“Vidonge vya zahanati peke yake havitoshi, wifi,” alisema akimpangia mkononi. “Hivyo vya damu ni askari mmoja. Mimi nakupa jeshi.”

Na Mama Mkasi akalipokea jeshi lote. Miezi miwili mizima, kila saa nne, alijaza kiganja vidonge sita vya rangi sita, akavitupa kinywani, akavisindikiza na chai. Hakuruka hata siku moja. Kisha akaenda zahanati kupimwa, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kuchukua tuzo.

Damu ilikuwa nane pointi sita. Sasa ni nane pointi saba.

Muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye kalamu nne mfukoni, alirudia kipimo mara mbili. “Unavimeza kweli, mama?”

“Navimeza, mwanangu. Sijakosa hata siku moja.”

“Unavimeza na nini?”

“Na chai. Nimeze na nini tena?”

Muuguzi akaweka kalamu chini. “Mama, chai inakikamata kile chuma kilichomo kwenye kidonge, inatoka nacho nje. Miezi miwili umekuwa unatibu choo.”

Mama Mkasi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akatoa mkobani makopo yote, akayapanga mezani kama mateka wa vita.

“Hili la mifupa lina kalsiamu,” muuguzi akasema. “Si baya, yuko anayelihitaji. Lakini ukilimeza pamoja na vidonge vya damu vinagombania mlango mmoja, na chuma ndicho kinachobaki nje. Hili la nywele... nywele zako zilikuwa na shida gani?”

“Hazikuwa na shida.”

“Na la ubongo?”

“Hilo nilipewa bure, la kuonjea.”

“Haya.”

“Kwa hiyo yote haya ni kupoteza muda?”

“Mimi sijasema hivyo. Wewe tulikupima, tukaona chuma hakitoshi, tukakupa chuma. Mwenye upungufu, kidonge kinamfaa. Sasa haya mengine, nani alikupima?”

“Wifi yangu.”

“Kwa kipimo gani?”

“Kwa macho.”

Muuguzi hakucheka, na kwa hilo tumheshimu. Alimpa amri tatu. Kwa kuwa siku za kwanza, kabla ya jeshi la wifi, vidonge vilimchafua tumbo alipovimeza alfajiri, avimeze saa tatu, baada ya kula kidogo, na maji ya chungwa. Makopo mengine ayaweke kando. Na chai asiiguse mpaka saa tano itimie.

“Saa tano?” Mama Mkasi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aende mwezini kwa miguu. “Chai yetu ni saa nne.”

“Ihamisheni.”

“Haihamishiki, mwanangu. Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kufanya kazi kwetu.”

Na kweli, aliyejenga karakana ile angeweza kuihamisha, lakini si chai yake. Saa nne kamili Tajiri aligonga bomba la maji kwa kijiko, mashine zote zikanyamaza, na chupa kubwa ya chai ikaletwa mezani. Vikombe kumi na vinne vilijazwa, chupa ikabaki tupu, basi mpaka kesho. Tena palikuwa na sheria isiyoandikwa, na aliyeitunga zamani ni Mama Mkasi huyuhuyu: anayekataa chai ana kinyongo na mtu. Kikombe kilichokataliwa kilikuwa tangazo la vita, na kazi haikuendelea mpaka adui ajulikane.

Angeweza kusema ukweli, utasema. Lakini ukweli ulikuwa na wifi ndani yake. Kusimama mbele ya wateja wa wifi na kutangaza kwamba muuguzi ameyapanga makopo yake mezani akayauliza maswali, hilo Mama Mkasi hakulitaka. Akaamua kupigana peke yake, kimya kimya, na huo ndio ulikuwa ukubwa wake, na ndiyo iliyokuwa taabu yake.

Jumanne ikapambazuka. Saa tatu, nyuma ya majora ya kaki, alimeza kidonge kimoja na maji ya chungwa, akafuta mdomo, akarudi kwenye vifungo kama hajafanya kitu. Saa nne bomba likalia. Chai ikaingia, na harufu yake ilitangulia kama tarumbeta, ikapita kwenye mashine, ikapanda benchi, ikamshika puani. Wifi akamimina, akasogeza kikombe mpaka kikagusa kidole chake.

“Leo sinywi,” akanena Mama Mkasi.

Hapo kikawa kimya ambacho karakana ile haikupata kukisikia tangu siku umeme ulipokatika. Kijiko cha mtu kilisimama katikati ya kikombe. Watu wakatazamana, kila mmoja akijipekua moyoni, na aliyeinuka wa kwanza ni Bwana Pasi, uso umemwiva.

“Dada yangu,” akanena, na sauti yake ikajaa nyumba, “mbele ya watu hawa wote nasema, wala sitaficha: ni kweli. Nilikata boksi kwa mkasi wako. Na baada ya boksi nilikata waya. Waya mwembamba, lakini waya. Nilikusudia kuunoa kabla hujarudi. Nipige faini yoyote, lakini kunywa chai.”

Mama Mkasi, ambaye hakuwa na habari ya waya wowote, alifumba macho kama mtu aliyepigwa mkuki. “Waya,” akasema taratibu.

“Mwembamba.”

Kabla jambo hilo halijatua, fundi mmoja wa mifuko akasema kwamba naye kama ni yale maneno ya uzee, hakusema kwa ubaya, alisema tu kwamba kila mtu anazeeka. Mwingine akakiri kwamba mto wake wa kukalia ni yeye aliyeuchukua. Ndipo Tajiri akajikohoza, akazungusha kikombe chake, akasema akitazama sakafu:

“Mama, nadhani umesikia. Yule mkataji wa mtaa wa pili, nilimuuliza kama anatafuta kazi. Nilimuuliza tu. Akasema mwisho wa mwezi ujao ana nafasi. Sikumjibu.”

Hilo ndilo jeraha lililoingia. Mwisho wa mwezi ujao: wiki sita. Mama Mkasi alihisi mkono wake wenyewe unasogea kwenye kikombe, maana moyo ukiumia chai ndiyo iliyokuwa karibu, na vidole vitatu vilikwisha kuushika mkono wa kikombe. Joto likapanda mpaka kwenye kiwiko. Mvuke ukamwita kwa jina. Akili ikamwambia, funda moja halihesabiwi. Nayo meza ndefu, kule mbele, ikangoja kuona.

Akaachia kidole kimoja. Akaachia cha pili. Cha tatu kilileta ukaidi, akakiondoa kwa mkono mwingine.

Wifi aliyaona yote hayo kwa karibu, naye akadhani ameelewa. “Basi ni mimi,” akasema, machozi yanamlenga. “Umejua. Nani amekwambia? Wifi, kweli, mimi mwenyewe siyatumii. Lile la mifupa nilijaribu siku nne likanifunga tumbo, tangu hapo nauza tu. Lakini kukupa nilikupa kwa moyo mweupe. Nilisema labda kwako yatafanya kazi.”

“Na mimi je?” Bwana Pasi akauliza. “Mimi nina miezi mitano nameza ya ubongo.”

“Tumeona,” akasema fundi wa mifuko, na karakana nzima ikavunjika mbavu, Bwana Pasi mwenyewe akiwemo, baada ya kufikiri kidogo.

Ndipo Mama Mkasi aliposimama, akishika benchi kwa sababu ya kizunguzungu, akahutubia.

“Nimewasikia, na hayo ya waya tutayarudia. Lakini mimi sina kinyongo na mtu. Mimi nina kidonge tumboni tangu saa tatu, na muuguzi amesema chai inakifukuza. Miezi miwili nimevimeza vyote kwa chai, kwa ujinga wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika mdomo. Wifi alinipa jeshi. Askari aliyetakiwa alikuwa mmoja, na huyo mimi nilikuwa namzamisha kila siku. Basi kikombe hiki hakitapita hapa mpaka saa tano. Anayetaka kunisaidia asinipulizie mvuke.”

Akakaa. Nao wakanywa, lakini wakinywa walimgeuzia migongo, na tangu karakana ile ijengwe haikupata kuonekana heshima kama ile. Saa nne na nusu akashona vifungo kumi na viwili. Saa tano kasoro robo wifi akakifunika kikombe kwa sahani. Saa ya ukutani ilipogonga tano, Mama Mkasi akafunua, akaondoa ngozi ya maziwa kwa ncha ya sindano, akanywa chai ya baridi hadi tone la mwisho, polepole, kama mfalme anayeingia mji alioushinda.

Hivyo alipigana siku moja, akapigana ya pili, na siku za kazi za wiki tano. Wifi akauweka mfuko wa turubai kando, akaenda naye kupimwa. Hakukutwa na upungufu wowote, jambo lililomkera kidogo. Tangu hapo mteja akija humuuliza kwanza, “Umepimwa lakini?” na biashara yake imedorora sana.

Wiki ya sita muuguzi akachagua kalamu moja kati ya nne, akaandika kumi na moja pointi mbili, akapiga mhuri. Mama Mkasi akapanda ngazi tatu za mlangoni bila kupumzika. Tajiri akaisoma karatasi mara mbili, akatoa kitambaa mfukoni, akaifuta meza ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyoahidi, watu wote wamesimama. Mkataji wa mtaa wa pili akapelekewa salamu, basi.

Mama Mkasi akatandaza kaki, tabaka nane. Akapitisha mkono juu yake. Kengele ya bomba ikalia saa nne, na hakuna aliyeondoka mahali pake, wala Bwana Pasi aliyekuwa amekwisha kushika kikombe.

“Tunakungoja wewe,” Tajiri akasema. “Si bado una kidonge cha leo?”

“Nina vya miezi mitatu zaidi. Lazima ghala la chuma lijae.”

“Miezi mitatu,” akanung'unika Bwana Pasi. “Watu kumi na watatu tunakufa njaa kwa ajili ya tumbo moja.” Lakini kikombe akakirudisha kwenye msumari wake.

Andikeni, basi, enyi waandishi wa tarehe, na wino msiubanie: kwamba chai iliyoshindwa kuhamishwa na matajiri watatu mfululizo ilihamishwa na mwanamke mmoja aliyeingia vitani na damu nane pointi saba, kutoka saa nne hadi saa tano, bila kumwaga tone. Na mkasi, uliokwisha kunolewa, ukaingia kwenye kaki.