Mayai Arobaini ya Mulualem

Alhamisi, 13 mwezi wa Yekatit
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado namtazama Mulualem akilala mpaka nasahau kuwasha moto! Jumapili anakimbia, mshindi peke yake ndiye ataingia timu ya mkoa. Mpinzani ni Gizachew, mume wa jirani Tirunesh, anayelishwa unga wa shayiri. Shayiri! Mimi nimesoma hadi darasa la kumi. Yai moja, gramu sita za protini kamili. Sokoni Mama Zenebech aliyauza nusu bei. Nikabeba arobaini. Akasema chukua, binti yangu, chukua yote, Mungu akubariki. Kikongwe hajui biashara! Mulu amekula manne. Nimeshiba kwa kumtazama.

Ijumaa, 14
Nilimwandalia matano. Akanishika mkono, akaniambia kwa upole, mpenzi, leo Ijumaa, tunafunga, mayai hatuli. Mapenzi hayana kalenda. Tirunesh akachungulia uani, akaliona kapu, akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi harusi wee, Jumatatu Mfungo Mkuu unaanza, hayo utamlisha fisi? Siku hamsini na tano bila yai! Kumbe ndiyo sababu ya nusu bei. Kabla ya mbio imebaki kesho tu.

Jumamosi, 15
Mpango: akiba. Mulu akasema mwalimu wake shuleni alifundisha kwamba mwili hauweki akiba ya protini. Maskini, mwalimu huyo hakuwahi kupendwa. Asubuhi matano, mchana manne, jioni matatu. La mwisho alilimeza akinitazama machoni. Nani mwingine ana mume kama huyu?

Jumapili, 16
Aliongoza! Hadi penye mikaratusi. Hapo akaacha njia, akaingia mitini, akakaa huko. Gizachew akapita na shayiri yake. Tirunesh akauliza, kwa sauti ya mnadani, kama mume wangu amekwenda kutaga. Kocha amempa nafasi moja ya mwisho, baada ya wiki tatu. Mulu, uso umempauka, akasema safari hii shayiri, tafadhali, mpenzi. Nililia. Hata akiumwa ananiita mpenzi!

Jumatatu, 17
Mfungo umeanza. Mayai ishirini na manne yananikodolea macho. Nikampelekea Mama Zenebech. Pesa hakurudisha, ila kwa huruma akanibadilishia kuku wake mwekundu. Ameapa kuku huyo hutaga kila siku iendayo kwa Mungu. Kweli yule hajui biashara! Wiki tatu, mayai ishirini na moja, yote mapya kabisa. Nimemficha kuku chini ya kitanda, nimshangaze Mulu wangu. La kwanza ameshataga. Lingali na joto!